Mstari Mrefu Katika Kitabu cha Karani

Wifi yangu alikula pichesi tatu, akapanga kokwa zake pembeni mwa sahani, akajifuta mikono kwa khanga, ndipo akasema harusi haipo.

Tulikuwa sebuleni kwangu, hapa Lushoto. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, ni mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa amepata mchumba, bwana shamba mmoja mtu wa Mlalo. Barua ya posa ilikuwa inakuja Jumamosi ya pili yake. Mchele nilishanunua.

"Haipo kwa nini?" nikamuuliza.

"Huyo kijana ni ndugu yake."

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu, mkubwa kwake, anakaribia miaka themanini na meno yake karibu yote. Yeye ndiye shangazi wa ukoo, na kwetu mtoto wa kike haondoki kama shangazi hajaafiki. Baba anaweza kusema ndiyo mara kumi. Shangazi akinyamaza, wageni watakunywa chai na kurudi na barua yao mfukoni.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba mkwe wangu alikuwa na mdogo wake. Huyo mdogo aligombana na kaka yake juu ya shamba la bondeni, akamchukua mke wake na mbuzi jike mmoja, akaondoka Vuga kwa hasira kwenda Mlalo. Wifi alikuwa mtoto mdogo, alimwona kwa macho yake akipanda kilima, mbuzi anavutwa hataki. Hakurudi tena. Sasa babu wa baba yake yule kijana alikuwa na jina lile lile la huyo baba mdogo. Jina silitaji hapa, lina wenyewe na ni wengi. Na ukiwauliza watu wa kijana mzee wao alitoka wapi, wanasema alikuja tu, zamani.

"Jina ni hilo hilo, Mlalo ni hiyo hiyo, na alikuja tu," wifi akasema. "Unataka nini tena? Tuozeshe damu kwa damu?"

"Jina hilo hata muuza mkaa wa Soni analo."

"Wewe wifi ni mtu wa kuja. Mambo ya ukoo wetu huyajui."

Mtu wa kuja. Nimeolewa katika ukoo huo karibu miaka hamsini, nimezaa sita, nimemzika mume wangu kwa heshima zake zote, bado ni mtu wa kuja. Sikukasirika. Ndivyo mambo yalivyo, na mimi nikienda kwetu huwaambia wake za kaka zangu maneno hayo hayo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Kilichoniuma ni mjukuu. Alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, haliweki chini wala hamimini. Nikaona yule mtoto anampenda yule kijana kweli. Na nikaona kuwa wifi naye hafanyi inda. Aliogopa. Alikuwa amebaki peke yake aliyemwona yule mtu akiondoka, na kama wajukuu wangezaa watoto wenye mkosi, angejihesabia yeye.

"Tukijua kwa hakika kwamba si yeye?" nikauliza.

"Mtajuaje? Wote wamekufa."

"Nimeuliza, tukijua?"

Akachukua pichesi ya nne. "Mkijua, nitakaa mkekani na nitapokea barua kwa mkono wangu. Lakini si kwa maneno ya mdomoni. Maneno hata kasuku anayo."

Kijana mwenyewe ndiye aliyetuonyesha njia. Alimpigia mjukuu simu kusema kuna mzee mmoja juu ya Mlalo, babu yake alikuwa karani wa jumbe wakati wa ukoloni. Serikali ile iliagiza watu wahesabiwe nyumba kwa nyumba, na karani akazunguka milima yote na kitabu kwapani. Akimaliza, alikaa chini akanakili vizuri, nakala safi ikateremka kwa bwana shauri wa wilaya. Kile kitabu cha kwanza, alichotembea nacho kwenye mvua, kilibaki sandukuni kwake mpaka leo.

Basi tukaenda, wanawake watatu kwenye pikapu yangu. Wifi alisema haji, kisha akawa wa kwanza kukaa kiti cha mbele. Mjukuu alibeba simu ya kupigia picha na miwani ya akiba. Mimi nilibeba kreti la pichesi, maana huwezi kwenda kwa mtu kumtoa babu yake sandukuni na mikono mitupu.

Mzee wa kitabu nilikuwa namfahamu kidogo. Ni seremala mstaafu, Mwislamu wa swala tano, aliwahi kututengenezea milango, na marehemu mume wangu alikuwa rafiki yake. Kwa hiyo huniita shemeji, na shemeji ana ruhusa zake.

"Shemeji, umenenepa," akasema hata kabla sijashuka. "Biashara ya matunda ndiyo inafanya hivi?"

"Na wewe umekauka kama mbao zako. Mkeo hakupi chakula?"

"Ananipa. Nakitoa sadaka."

Mjukuu akatoa shikamoo, akaitikiwa, tukaingizwa ndani kwenye meza ya dirishani. Mzee akatoa masharti. Kunawa mikono na sabuni. Hakuna kulowesha kidole kwa mate. Kitabu hakitoki nje ya nyumba, wala mtu hakigeuzi ila yeye. Kisha akakileta kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, akakilaza mezani taratibu, kama mtoto aliyelala.

Kilikuwa kitabu kirefu chembamba, jalada limeliwa na mende. Ndani mistari imepigwa kwa rula: mwenye nyumba, wake, watoto, nyumba, mbuzi. Wino umekuwa rangi ya chai. Kurasa za mwanzo, mwandiko mzuri ajabu, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mjukuu akasoma mbio mbio, sauti ya darasani. Mzee akafurahi sana, maana macho yake mwenyewe hayakuwa yanaona herufi vizuri tena, na majirani waliokufa walikuwa wanaitwa mmoja mmoja sebuleni kwake.

"Huyo alikuwa na mbuzi kumi na mmoja? Mwongo. Alikuwa nao ishirini, aliwaficha msituni."

Tulicheka mpaka mke wa mzee akaja kutazama kuna nini.

Halafu mwandiko ukaharibika. Ukurasa wa saba au wa nane, ghafla, kama mtu mwingine. Herufi zimeanguka, zimepandana, matone yamesambaza wino. Mjukuu akasonga karibu. Akapiga picha na simu, akaikuza kwa vidole viwili, ikawa madoa tu. Akaanza kukisia.

Hapo ndipo nikasema nipisheni.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili na sitaki pole ya mtu. Kusoma nilijifunzia kwenye matenga. Miaka arobaini nimekusanya pichesi, kabichi na karoti milimani nikazipeleka Tanga na Dar es Salaam, na kila tenga lina kipande cha boksi kilichoandikwa mwenye mali na kijiji. Wanaandika wapakiaji, kwa mkaa, kwa kalamu iliyokufa, kwa chochote. Wengine waliandika gizani, wengine kwenye mgongo wa mwenzao. Ukikosea tenga moja umemdhulumu mjane wa watu. Mimi sikukosea. Nilijifunza kwamba mwandiko mbaya ni mwandiko mzuri uliopatwa na jambo. Jiulize kwanza lilikuwa jambo gani.

"Huyu," nikawaambia, "hapa mwanzo alikuwa amekaa kwenye kiti. Hapa alikuwa amesimama kwenye mteremko, mguu mmoja juu mmoja chini. Tazama mistari yote inashuka kulia. Na mvua imemkuta."

"Bibi, umejuaje?"

"Wapakiaji wa kule kwenye makorongo wanaandika hivi hivi. Mvua ikikata, atanyooka tena."

Mzee akafunua kurasa mbili mbele. Mwandiko umenyooka, herufi nene zimetulia.

"Hapa kala," nikasema. "Wamempa ndizi na maziwa ya mgando, na kigoda."

Mzee akapiga goti lake kwa kiganja. "Hapo ni kwa bibi yangu mzaa mama. Alikuwa hamwachi mtu apite na njaa."

Nilijisikia vizuri, sifichi. Mwalimu mwenye cheti yuko pembeni, na wa darasa la pili ndiye anayesoma.

Lakini nyumba tuliyoitafuta ilikuwa kwenye zile kurasa mbaya. Mzee alijua mahali pake, kwa sababu karani alifuata njia ya miguu bila kuruka, na majirani wa pande zote mbili walikuwa wanajulikana. Akaweka ukucha pembeni, bila kugusa karatasi. "Huyu ni wa juu ya kijito. Huyu ni wa chini ya jiwe. Katikati yao hakuna mwingine ila mzee wenu."

Mjukuu akainama. Akatazama muda mrefu. Kisha akakaa chini.

"Nini?" nikamuuliza.

"Linaanza na M kubwa yenye mkia. Kama jina lake."

Kila mtu alijua jina gani. Wifi hakusema "niliwaambia," na hilo ndilo lililoniogopesha. Aliunyoosha mkono wake tu, akamshika mjukuu begani, akasema, "Basi mama. Wanaume wako wengi."

Mtoto akaangalia dirishani. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Nikavaa miwani yangu, nikaweka ile ya akiba juu yake. Nikatazama ule mstari, siyo herufi, mstari wenyewe, jinsi ulivyokwenda. Wenye nyumba wote kwenye ukurasa ule walikuwa na neno moja, mawili, jina la mtu na la babake. Huu ulianza mahali pa mwenye nyumba, ukavuka wake, ukavuka watoto, ukaingia kwenye nyumba na kuishia juu ya mbuzi. Namba zilikuwa zimebanwa chini yake, ndogo ndogo.

"Jina gani hili refu namna hii?" nikasema. "Huyu alikuwa mtu au treni?"

Nikamwomba mke wa mzee ungo na unga.

"Unataka kusonga ugali?"

"Nataka kuandika."

"Unga wangu si ubao wa shule, mwenzangu," akasema, lakini akaleta, tena wa sembe, mweupe. Nikautandaza kwenye ungo, nikaanza kuufuata ule mstari kwa kidole, taratibu, kama karani alivyopeleka kalamu yake. Hivi ndivyo nilivyokuwa nikifanya kwa tenga lisilosomeka, niliandika upya juu ya vumbi la lori. Jicho hudanganywa na wino uliosambaa. Kidole kinajua mkono ulipopinda na uliponyanyuka.

M yenye mkia, sawa. Lakini baada yake mkono haukwenda kama lile jina linavyokwenda. Ulipanda juu, ukateremka, ukapiga kona. Nikafuta, nikarudia. Mara ya tatu nikaliona neno kwenye unga, na nikajikuta nimetabasamu kabla sijalisoma kwa sauti.

"Mkwe," nikasema.

"Mkwe nani?" wifi akauliza.

"Ngoja."

Nikaendelea. Mjukuu naye alikuwa amesogea, kalamu mkononi, anaandika kila neno ninalotoa kwenye unga. Mengine aliyapata yeye, maana sasa alishajua kwamba hatafuti jina. Tulichukua muda mrefu. Chai ililetwa ikapoa ikaletwa nyingine. Mwisho akasoma kutoka kwenye daftari lake:

"Mkwe wa huyu mke, hamtaji. Mchonga mizinga. Katoka Mtae mtoto, kaletwa na mjombake."



Mimi nilimwona yule mwanamke kana kwamba yuko mlangoni. Mvua inanyesha, wanaume wako mashambani au wamejificha, si unajua tena kuhesabiwa. Karani amelowa, anauliza: nyumba hii ya nani? Na aliyebaki nyumbani ni mke wa mtoto, ameolewa juzi, hana mtoto bado. Mwenye nyumba ni baba mkwe wake. Jina la baba mkwe halitoki mdomoni kwa mwanamke wa kwetu, hata umtishe na bunduki. Atamwambia ni nani kwa kila njia, kazi yake, alikotoka, nani alimleta, atamwonyesha hata mizinga iliyoegemezwa ukutani, lakini jina hapana. Karani ana haraka, jirani yuko mbali, akaandika alichoambiwa.

Wifi hakukubali upesi. Sikutegemea akubali upesi.

"Hiyo ya kusema hamtaji umeiona wewe kwenye unga," akasema. "Karani gani ataandika upuuzi kwenye kitabu cha serikali?"

"Wifi, nimekaa na wewe miaka mingapi?"

"Mingi mno."

"Jina la baba yako umewahi kunisikia nikilitaja?"

Akaivuta khanga yake begani.

"Nilipokuwa bibi harusi wa miezi mitatu," nikamwambia, "walikuja watu wa kuhesabu na makaratasi, pale pale Vuga. Mume wangu kasafiri, wewe umeolewa, uko kwa mumeo, mama mkwe yuko kanisani. Wakaniuliza mwenye kaya nani. Nikasema ni yule mzee mrefu anayechunga ng'ombe mweusi, aliyejenga daraja la miti. Kijana akasema mama nataka jina. Nikamwambia nenda kamuulize jirani. Akaniona punguani. Sijui aliandika nini, lakini kama hakwenda kwa jirani, basi mpaka leo baba yako yuko kwenye kitabu cha serikali kama mzee wa ng'ombe mweusi."

Mzee wa kitabu ndiye alianza kucheka, kisha mkewe. Mkewe akasema, "Na mimi je? Baba yake huyu nilikuwa namwita 'wa mlangoni,' maana alikaa mlangoni siku zote. Amekufa, bado namwita wa mlangoni."

Wifi alikuwa hacheki bado. Alikuwa anafikiri, midomo inakwenda. "Wetu," akasema polepole, "aliondoka mtu mzima. Na mke. Mbuzi nimemwona mimi."

"Na huyu aliletwa mtoto," mjukuu akasema. "Na mjomba wake. Kutoka Mtae, siyo Vuga."

"Mizinga," wifi akasema. "Baba mdogo alikuwa anaogopa nyuki kuliko chui. Alikimbia hata nzi mkubwa."

"Mizinga ile pale," mzee akasema, akanyoosha kidole dirishani kwenye mti uliokuwa na magogo mawili yamening'inia. "Kachonga baba wa huyo kijana wenu. Na baba yake kabla yake. Hapa mtu akitaka mzinga anakwenda kwao. Sikuwahi kujua kazi hiyo ilitoka Mtae."

Wifi akainuka, akazunguka meza, akauvuta ungo. Akaweka kidole chake kwenye unga. Yeye hajui kusoma hata kidogo. Aliufuata ule mkwaruzo wangu wa neno la kwanza kutoka mwanzo mpaka mwisho, akanyanyua kidole, akakitazama kilivyojaa unga.

"Mwanamke yule alikuwa na adabu," akasema.

"Sana."

"Angelikuwa wa siku hizi angetaja jina, tungeishia hapo."

Ndivyo ilivyokuwa. Angetaja, lingeandikwa lile jina lenyewe, safi, na harusi ingekufa mezani pale. Adabu yake ndiyo iliyotupa Mtae, na mjomba, na mizinga. Mjukuu wangu akaegemea ukuta akaanza kucheka na machozi yanamtoka, na safari hii wifi hakumshika bega wala kumwambia basi. Alimwambia alete chai, mbona koo limekauka.

Njiani kurudi wifi aliongea bila kupumua. Alishakuwa shangazi mkuu wa bibi harusi, na mwenye cheo hicho ana madai. Blanketi zito, siyo haya ya kuonyesha vidole. Jembe jipya, hata kama bwana harusi ni bwana shamba wa ofisini. Kisha akasema, "Na waje na asali. Kama kweli ni wachonga mizinga, asali isikosekane. Mtu akisema ukoo wake, aulete kwenye kijiko."

"Wifi, karani ameshaandika."

"Karani aliandika na mimi nitaonja."

Jumamosi walikuja. Wanaume sita na mama wawili, wamevaa makoti, na kijana wetu nyuma yao amenyoa mpaka kichwa kinang'aa. Wifi alikuwa amekaa mkekani mbele ya watu wote, mgongo umenyooka kama ufagio. Msemaji wao alianza maneno yake mazuri ya kuzunguka, ya kuona ua kwenye bustani ya watu, wifi akamkata kwa mkono.

"Hilo ua tutafika. Kwanza kilichoko kwenye hilo dumu."

Wakamfungulia. Akachovya kijiko, akaweka mdomoni, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka msemaji akaanza kusogeza miguu, na mimi nikamkanyaga wifi kidogo chini ya khanga.

"Ina moshi," akasema.

"Ni ya mizinga ya magogo, mama," msemaji akasema. "Tunafukiza kidogo wakati wa kurina."

"Nimesema ina moshi, sijasema mbaya." Akachovya tena, safari hii kwa vidole. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu, unang'aa asali mpaka kifundoni, akasema, "Haya, leteni hiyo barua."

Barua ikapokelewa, ikanata.